Udiwani Newala: Fomu kwa Kiswahili, maswali kwa Kimakonde

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia, wapo wenyeji wa Newala na Masasi waishio Dar es Salaam wanaofunga safari kurudi nyumbani kugombea udiwani. Wengi wao wana elimu nzuri, wanazungumza Kiswahili fasaha na wana marafiki wenye uwezo wa kuwachangia.

Hata hivyo, wanapofika katika kata kama Makote, iliyoko wilayani Newala juu ya uwanda wa Makonde, hukutana na mtihani usiokuwamo katika fomu yoyote ya uteuzi. Mzee anasimama mkutanoni, anauliza swali kwa Kimakonde, na umati wote unageuka kumtazama mgombea.

Swali lenyewe mara nyingi ni fupi. Maji yatatoka lini? Ushuru wa korosho umekwenda wapi? Asiyelielewa hawezi kulijibu, na anayelijibu kwa maneno ya ofisini ni kama hakujibu.

Makala haya yanaeleza njia anayopita mtu hadi kuwa diwani katika miji midogo ya kusini yenye lugha mbili, na kwa nini lugha huko ni suala la fedha na haki, si la mila peke yake.

Sheria inataka nini

Kwa miaka mingi uchaguzi wa madiwani Tanzania Bara uliongozwa na Sheria ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa ya mwaka 1979. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, iliyoziweka chaguzi hizo tatu chini ya sheria moja. Ndiyo iliyotumika katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025.

Masharti ya udiwani si mengi. Mgombea awe raia wa Tanzania mwenye umri usiopungua miaka 21, mkazi wa kawaida katika eneo la halmashauri husika, mwenye njia halali ya kujipatia kipato, na anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Aidha, awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho.

Akishateuliwa na chama, hutafuta wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa kupiga kura katika kata yake, huweka dhamana ya Sh5,000 na kurejesha fomu kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi ngazi ya kata.

Kwa mtazamo wa haraka, mlango huo ni mpana. Hakuna anayeombwa cheti cha kidato cha nne, na dhamana yenyewe ni ndogo kuliko nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Newala.

Lakini mlango mpana una kizingiti. Sharti la ukazi huwatia mashakani wale ambao nyumbani hufika wakati wa misiba na sikukuu tu, kwa kuwa mpinzani anaweza kuwawekea pingamizi. Kosa dogo katika kujaza fomu nalo linaweza kumtoa mtu kabla kampeni hazijaanza. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 na uchaguzi mkuu wa mwaka 2020, wagombea wengi, hasa wa vyama vya upinzani, walienguliwa kwa madai ya aina hiyo, na maeneo mengi yakapata viongozi waliopita bila kupingwa.

Sheria ya mwaka 2024 iligusa jambo hilo. Mgombea aliyebaki peke yake sasa hupigiwa kura ya ndiyo au hapana badala ya kutangazwa mshindi moja kwa moja.

Chama kwanza, kata baadaye

Uchaguzi wa kwanza wa diwani hufanyika ndani ya chama. Tanzania hairuhusu mgombea binafsi, kwa hiyo mtu anayependwa na kata nzima lakini hakubaliki katika vikao vya chama chake hana njia ya kufika kwenye karatasi ya kura.

Suala hili limepita mahakamani zaidi ya mara moja. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania tangu miaka ya 1990, Mahakama Kuu ikampa haki, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo mwaka 2010. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Pamoja na hayo, sheria ya mwaka 2024 haikufungua mlango huo. Kwa jirani zetu wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea huru hata katika ngazi ya kata.

Kwa wanawake ipo njia nyingine, ya viti maalumu, ambavyo haviwi chini ya theluthi moja. Nayo pia hupitia kwenye orodha za vyama.

Kiswahili kilikuja na utawala

Ili kuelewa uzito wa lugha katika siasa za kusini, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Wamakonde wa uwanda huu hawakuwa na mtemi mmoja. Kila makazi yalikuwa na mkulungwa wake, mzee aliyesikilizwa kwa sababu ya ukoo na busara, na mashauri yaliamuliwa kwa Kimakonde. Utawala wa Wajerumani ulileta maakida na majumbe, na maakida wengi walikuwa watu wa pwani waliotumia Kiswahili. Waingereza nao wakaja na maliwali. Tangu hapo, amri na kodi zilifika kwa Kiswahili, na malalamiko yakabaki katika lugha ya nyumbani.

Masasi ina historia yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, aliwapeleka huko watumwa walioachiwa huru wakaanzisha makazi ya misheni. Mji ulikua ukiwa na Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha sokoni, shuleni na kanisani.

Baada ya Uhuru, Kiswahili kiliwapa Watanzania jambo ambalo mataifa mengi ya Afrika yamelikosa: siasa ambayo mtu wa Newala anaweza kusimama Mwanza na akaeleweka. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kujengwa juu ya kabila. Maadili ya uchaguzi nayo yametaka mikutano ya kampeni iendeshwe kwa Kiswahili, na pale inapolazimu kutumia lugha ya mahali, awepo mkalimani.

Hekima ya kanuni hiyo haina ubishi. Tatizo ni kwamba kanuni inashughulikia takriban miezi miwili ya kampeni, wakati udiwani ni kazi ya miaka mitano.

Fedha inapozungumza

Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ndiye katibu wake. Mapendekezo huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji au mtaa, hupita katika kamati hiyo, kisha hufika katika Baraza la Madiwani, ambako bajeti hupitishwa na sheria ndogo hutungwa.

Huku kusini bajeti hiyo ina harufu ya korosho. Ushuru wa mazao ya biashara, ambao zamani ulifikia asilimia 5, ulishushwa hadi asilimia 3 mwaka 2017, na hulipwa na mnunuzi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: tani 1,000 zikiuzwa kwa Sh3,000 kwa kilo, mauzo ni Sh3 bilioni na ushuru wa halmashauri ni Sh90 milioni. Bei ikianguka kwa theluthi moja, Sh30 milioni zimetoweka, na darasa lililoahidiwa linabaki msingi.

Ndiyo maana mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, bado hujadiliwa vijiweni kila mwaka. Ndiyo maana pia watu hawajasahau Novemba 2018, pale Rais John Magufuli alipoamuru Serikali inunue korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba.

Katika mazungumzo hayo hutumika maneno kama stakabadhi, makato, tozo na mnada. Mkulima hulijua neno kwa kulisikia, lakini kujua kilichokatwa katika malipo yake ni jambo lingine. Diwani anayeweza kulieleza kato moja moja kwa lugha ambayo bibi aliyeko shambani anaitumia kuhesabu magunia yake, anampa bibi huyo uwezo wa kuhoji. Asiyeweza, anamwachia mzigo wa kuamini.

Maji ni mfano wa pili. Udongo wa uwanda wa Makonde hunyonya mvua haraka, hivyo kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, na maji husukumwa kutoka mabondeni kwa pampu, jambo linaloufanya mradi kuwa wa gharama kubwa. Pampu ikisimama, mwananchi haendi kwa mhandisi. Anakwenda kwa diwani.

Hapo inaingia lugha ya tatu. Taarifa za baraza huandikwa kwa Kiswahili, lakini mikataba ya ujenzi na makadirio ya wahandisi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Diwani aliyetimiza sharti la kujua kusoma Kiswahili anaweza kukuta kurasa nyingi za mkataba asizozielewa, na bado akatakiwa kuinua mkono kupitisha taarifa ya utekelezaji wake.

Wenzetu wamefanyaje

Finland, ambayo tangu miaka ya 1970 ilisaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi, ina manispaa za lugha mbili kwa mujibu wa sheria. Wazungumzaji wa lugha ya wachache, Kifini au Kiswidi, wakifika asilimia 8 ya wakazi au watu 3,000, manispaa hulazimika kuwahudumia kwa lugha zote mbili.

Si lazima Tanzania ifuate njia hiyo. Yenye makabila zaidi ya 120, ina sababu ya kukilinda Kiswahili. Lakini hakuna sheria inayomkataza diwani kurudi katani na kueleza kwa Kimakonde kilichoamuliwa kwa Kiswahili, wala inayomzuia mwenyekiti wa kijiji kusoma mapato na matumizi kwa lugha zote mbili katika mkutano mkuu, ambao hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu.

Kwa anayewaza kurudi nyumbani kugombea, mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, ahamie kweli, mapema, ili ukazi wake usiwe hoja ya pingamizi. Pili, ahudhurie mikutano ya kijiji kabla ya kuomba kuiongoza, maana huko ndiko maswali yanakoanzia. Tatu, asione haya kuuliza, awe hajui Kimakonde cha wazee au Kiingereza cha mkataba.

Na kwa mpiga kura, kipimo ni chepesi. Kabla ya kumwuliza mgombea ataleta nini, amtake aeleze, kwa lugha inayoeleweka na kila aliyepo, jinsi ushuru wa gunia moja la korosho unavyotoka ghalani hadi kuwa tofali la darasa. Anayeweza kueleza hilo ataweza pia kulifuatilia.