Sufuria la Rangi, Tuta la Mchicha na Mbwa wa Dunguni

Leo tutazungumza juu ya ua wa nyumba yako.

Utazame ua huo saa za jioni. Mama amekaa juu ya jamvi, anasuka ukili. Bibi anashona mkeka. Kwenye mafiga pana sufuria linachemka, na ndani yake mna chane za ukindu zinazopata rangi. Baba anashona wavu, au anapaka chokaa ukutani. Pembeni pana tuta la mchicha na matembele. Kuku wanapekua. Paka amelala mlangoni. Mbwa amerudi kutoka shambani, na mtoto wa miaka minne anamvuta mkia.

Ndivyo watu wanavyoishi Kibiti, Bungu na Mlanzi. Ndivyo wanavyoishi pia kule delta, mto Rufiji unakogawanyika kabla ya kuingia baharini, katika vijiji vya Mbwera, Kiongoroni na Msala. Ni maisha mazuri. Mtoto anajifunza kazi hapo hapo kwa kuwatazama wakubwa. Lakini mtoto hatazami tu. Anashika, kisha anatia mdomoni. Kwa hiyo, kwa kila kitu kilichopo uani, jiulize: mtoto akikishika itakuwaje?

Tuanze na sufuria la rangi. Mikeka ya Rufiji inasifiwa kwa rangi zake. Wazee walipata rangi kutoka kwenye magome na mizizi. Gome la mkandaa, kwa mfano, linatoa rangi nyekundu iliyoiva. Siku hizi wasukaji wengi hununua rangi ya unga dukani. Rangi hiyo ni ya kutia ukindu, si ya kula. Tenga sufuria moja la rangi na mwiko mmoja wa rangi. Usivirudishe jikoni hata ukivisugua vikang'aa. Pakiti ya rangi usiiweke karibu na chumvi au sukari. Maji ya rangi yaliyobaki yamwage mbali na kisima na mbali na mboga.

Hata hivyo, ubaya mkubwa wa sufuria hilo si rangi. Ni moto. Mafiga yako chini, kimo cha mtoto anayetambaa. Maji ya rangi yanapendeza kwa macho, tena yanachemka. Weka uzio wa vijiti kuzunguka mafiga, au chemsha rangi wakati watoto wadogo wamelala au wako na mtu mwingine. Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Ni muda mrefu, na mtoto atalia, lakini endelea. Mvue nguo iliyolowa maji ya moto. Kama nguo imegandamana na ngozi, usiivute. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala unga. Funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha mpeleke zahanati.

Chokaa nayo inaunguza macho. Ikiingia jichoni, osha jicho hapo hapo kwa maji mengi safi, kisha nenda kwa mganga.

Katika bustani tutataja mambo mawili tu. La kwanza ni dawa za kuua wadudu. Wakulima wengi wa korosho huweka nyumbani salfa na dawa za maji. Usitie dawa ya maji katika chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ya soda, naye ataifungua anywe. Dawa ikae katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli. La pili ni kinyesi cha wanyama. Mbwa na paka wakijisaidia kwenye tuta, mayai ya minyoo hubaki katika udongo. Zungushia tuta miba au makuti, osha mchicha kabla ya kuupika, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kucheza udongo.

Sasa tufike kwa mbwa. Hapa tutakaa zaidi, maana yote tuliyotaja yana dawa hata kama umechelewa kidogo. Ugonjwa wa mbwa tutakaoueleza, ukichelewa, hauna dawa.

Watu wa Rufiji hawafugi mbwa kwa mapambo. Mkulima wa mpunga na mahindi hukaa dunguni usiku kulinda mazao. Nguruwe mwitu wakiingia shambani, asubuhi hakuna mavuno. Tumbili nao huja mchana. Mbwa ndiye anayesikia kwanza. Katika nyumba nyingi mbwa haingii ndani. Hulala nje au chini ya dungu, hula makombo, huzurura atakavyo. Kwa hiyo watu wazima hawamshiki sana. Watoto ndio wanaomshika. Kibwana cha mbwa kikizaliwa, watoto ndio wa kwanza kukibeba.

Kuna ugonjwa unaoitwa kichaa cha mbwa. Jina hili linawadanganya watu. Wanadhani ni tabia mbaya ya mbwa, au kwamba mbwa amerogwa. Si hivyo. Ni ugonjwa unaoletwa na kijidudu kidogo sana kinachoitwa virusi. Kijidudu hiki hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akikung'ata, mate huingia mwilini. Akikukwaruza, au akiramba mahali ulipo na kidonda, ugonjwa unaweza kuingia vilevile. Mbwa ndiye anayewapa watu ugonjwa huu zaidi ya wanyama wote, lakini paka, mbweha na wanyama wengine wanaweza kuwa nao.

Kijidudu kikishaingia, hutembea polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Mara nyingine ni siku chache, mara nyingine hupita mwaka. Wakati huo wote mtu anajisikia mzima. Kidonda kinapona, mtoto anarudi shuleni, na wazazi wanasahau. Kisha siku moja mtoto anasema kovu linawasha au linauma. Anapata homa. Anashindwa kumeza. Akiona maji anashtuka na koo linakaza. Dalili hizo zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa, na hakuna hospitali inayoweza kuahidi kumponya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wenye umri chini ya miaka 15.

Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba aliua zaidi ya watu 30 katika vijiji vya Rufiji. Habari hizo zilienea nchi nzima, na kwa haki. Hakuna mzazi aliyemwacha mtoto porini siku hizo. Lakini mbwa mgonjwa akipita kijijini mchana, watoto humfuata wakimrushia mawe na kucheka. Afadhali tumwogope huyu kama tulivyomwogopa yule.

Utamjuaje mbwa mwenye kichaa? Tabia yake hubadilika. Mbwa mkali huweza kuwa mpole ghafla, na mpole huweza kuwa mkali. Hung'ata vitu ovyo, hata vijiti na mawe. Hutembea mbali bila sababu. Sauti hubadilika, taya hulegea, mate hutiririka, miguu ya nyuma huyumba. Baada ya siku chache hufa. Lakini usingoje kuziona dalili zote. Mbwa anaweza kutoa ugonjwa katika mate kabla hajaonekana kuumwa.

Tuseme mtoto ameng'atwa leo saa kumi, huko delta. Fanya nini?

Osha kidonda sasa hivi, kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15. Sabuni ya kufulia inafaa. Mimina maji juu ya kidonda, paka sabuni, mimina tena. Osha na mikwaruzo midogo. Kama huna sabuni, osha kwa maji matupu, usikae kungoja sabuni. Tena usikimbilie mtumbwi kwanza. Watu wa delta mnajua kwamba safari inangoja maji yajae. Kidonda hakingojei. Kuosha kunatoa vijidudu vingi kabla havijapata njia, na kazi hiyo ni yako nyumbani, si ya mganga. Usipake mafuta ya taa, wala pilipili, wala majivu. Usikifunge kidonda kwa nguvu.

Ukimaliza kuosha, nenda zahanati siku hiyo hiyo, au mara maji yatakaporuhusu. Huko mtoto atapewa chanjo ya kuzuia kichaa. Kama kidonda ni kikubwa, au kiko kichwani, usoni, shingoni au mkononi, mganga anaweza kuagiza dawa nyingine ichomwe kwenye kidonda chenyewe. Chanjo si sindano moja. Utaandikiwa tarehe za kurudi. Rudi tarehe zote, hata kama mtoto anacheza na kidonda kimefunga.

Mara nyingine zahanati ya karibu haina chanjo hiyo. Basi mwombe mganga apige simu kuuliza iko wapi kabla hujalipa nauli ya boti au basi. Iko katika kituo cha afya? Iko hospitali ya wilaya? Nauli na dawa ni gharama, na jamaa wengine hukaa siku tatu wakijadiliana ni nani atoe. Mikeka iliyokwisha kushonwa iuzwe siku hiyo. Mikeka mingine itasukwa.

Kama umechelewa wiki moja au mwezi, nenda hivyo hivyo. Maadamu dalili hazijaonekana, chanjo inaweza kumwokoa.

Je, mbwa aliyeng'ata afanywe nini? Kama anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, mfungeni na mmwangalie siku 10, na bwana mifugo aambiwe. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku ile alipong'ata. Mganga akisikia hivyo anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini mtoto aanze chanjo kwanza, wakati mbwa anaangaliwa. Mbwa akifa, msimguse kwa mikono mitupu. Mbuzi au ng'ombe aliyeng'atwa msimchinje kwa haraka ili mle nyama. Mwiteni bwana mifugo.

Chanjo hii ni ya siku nyingi. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur aliagiza mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa achomwe sindano za dawa aliyoitengeneza. Mtoto huyo aliitwa Joseph Meister, naye alikuwa na miaka 9. Hakuugua. Alikua akawa mtu mzima.

Lakini njia rahisi zaidi ni kumchanja mbwa mwenyewe. Wataalamu wanasema, katika kila mbwa 100 wakichanjwa 70, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Piga hesabu ya kijiji chako. Kama kina mbwa 40, wapelekwe 28 au zaidi. Kuwaua mbwa ovyo hakusaidii. Watazaliwa wengine mara moja, nao hawatakuwa na chanjo, na nguruwe watamaliza mpunga.

Jambo hili limewezekana karibu nasi. Kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na mpango mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, mkoa wa Pwani ukiwemo, na pia kisiwani Pemba. Pemba kichaa cha mbwa kilikwisha mwaka 2014. Kisha mwaka 2016 kiliingia tena. Wapemba wakachanja mbwa upya, na kufikia mwaka 2018 kilikwisha tena. Maana yake chanjo ya mwaka mmoja haitoshi.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kwa mbwa mnaweza kufanya vivyo hivyo. Katika mkutano wa kitongoji, mmoja mwenye daftari aandike kila nyumba ina mbwa wangapi na paka wangapi. Wa dunguni wahesabiwe pia, maana hao ndio wanaosahauliwa. Mwenyekiti apeleke hesabu hiyo kwa bwana mifugo na kumwuliza siku ya chanjo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi chanjo hutolewa wakati huo.

Siku ya chanjo mlete mbwa akiwa na kamba shingoni. Mtoto anayemlisha aje, kwa kuwa mbwa anamsikiliza, lakini kamba ashike mtu mzima. Vibwana vya mbwa navyo vije, hata vidogo. Wafundishe watoto wasimshike mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Wakijiwa na mbwa wasiyemjua wasikimbie. Wasimame kimya, mikono chini, mpaka apite. Na aliyeng'atwa aseme siku hiyo hiyo bila kuogopa fimbo. Watoto wengi huficha kwa kuwa walikatazwa kucheza na mbwa.

Utapewa cheti chenye tarehe. Kiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali pasipofikiwa na mvua wala mafuriko, na uandike ukutani kwa mkaa mwezi wa kumrudisha mbwa mwakani.