109 ya mzee: kabla hujaitia moyo mpya, soma hapa!

Mwangaluka, mpenzi msomaji! Ukisalimiwa hivyo ujue leo safu yako imepanda treni na kushukia Tabora, Unyanyembe yenyewe, nchi ya asali na maembe. Lakini asali tutalamba siku nyingine. Leo tumefuata chuma.

Kuna mtindo umewaingia vijana wa mjini. Kijana akipata vijisenti, anaikumbuka ile Land Rover ya mzee iliyolala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kiti cha dereva. Anakwenda kwa heshima zote: "Shikamoo baba, nipe hii nikaitie injini." Mzee anacheka, anatoa funguo. Kijana anajiona kaokota dodo chini ya mwarobaini.

Taratibu, kaka. Na wewe dada, taratibu. Kuipata injini ndiyo sehemu rahisi. Mambo yanayokula fedha, na pengine roho za watu, ni yale yanayoizunguka.

HUYU 109 NI NANI?

Kwa wale waliozaliwa juzi: Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1948 kule Amsterdam, Uholanzi. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Mtindo huo wa zamani uliachwa kutengenezwa mwaka 1985, kwa hiyo hata yule mdogo kabisa keshapita miaka 40.

Sasa angalia ujanja wake. Bodi ni ya aluminiamu, haioti kutu nyekundu. Chesisi ni ya chuma, hiyo inaoza kimyakimya. Gari linang'aa juu, chini ni biskuti! Kabla hujazungumzia injini, lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi yote. Ikilia "ngaa" endelea. Ikilia "pwaa" na vumbi la kutu likamwagika, hilo ndilo tatizo lako la kwanza.

USIJE UKAKAA KAMA LIVINGSTONE

Barabara hizi zina historia. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo kama 30 kila mmoja: vitambaa na shanga kuja bara, pembe za ndovu kwenda pwani. Na watumwa walipitishwa humohumo, hilo tusilifiche.

Mwaka 1872 Dk. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Stanley alimwacha hapo mwezi Machi. Mzee wa watu aliondoka Agosti. Tembe alilokaa limekuwa makumbusho, nenda ukalione.

Kwa nini nawapa hadithi hii? Kwa sababu ukitia injini ambayo spea zake hakuna anayezijua kuanzia Nzega mpaka Kaliua, utakaa kama Livingstone. Tofauti ni kwamba yeye alisubiri watu, wewe unasubiri nozeli.

Ni kweli lami imefika Tabora kutokea Manyoni. Lakini tumbaku na asali havilimwi wala kurinwa kwenye lami. Ukichepuka kuingia vijiji vya Sikonge au Urambo masika, ni mchanga, mbuga yenye tope na miombo mpaka macho yachoke. Huko gari likifa, umelala.

IMEKUFA KWELI, AU INAUMWA TU?

Usikubali kushusha injini kwa maneno matupu. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo: huenda ni chujio la hewa lililojaa vumbi, au nozeli. Hiyo siyo injini kufa. Moshi wa bluu ndiyo wa kuogopa kidogo, oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: ikipumua kwa nguvu kama jiko la mhunzi, ringi na silinda zimechoka. Taa ya oili ikikonyezakonyeza injini ikiwa ya moto, beringi za krankshafti zinaaga.

Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Ni kazi ya muda mfupi, na inaweza kukuokolea fedha za mwaka mzima.

NJIA TATU

Kwanza, kuifufua ileile: kuchonga silinda, kutia pistoni, ringi na beringi mpya. Ni ya pole, dizeli yake ya lita 2.25 ina nguvu za farasi kama 62 tu. Mlima utaupanda huku ukihesabu miti. Lakini kila kitu kinakaa mahali pake.

Pili, ya ukoo uleule, kama 200Tdi iliyoanza mwaka 1989. Ina turbo na nguvu zaidi ya farasi 100, na kuishika na giaboksi ya zamani siyo vita kubwa. Maunti na eksozi ndiyo ya kufanyia kazi. Angalizo: hii inaendeshwa na mkanda wa taimingi, siyo mnyororo kama ya zamani. Badilisha mkanda injini ikiwa bado iko chini, maana ukikatika njiani valvu na pistoni zinagongana.

Tatu, Mjapani wa mtumba. Wengi wanaipenda kwa sababu spea zake ziko kila mji. Lakini hapa linahitajika bamba la kuunganishia injini na giaboksi, na likichongwa upande hata kidogo tu, klachi na beringi za giaboksi zitakuwa chakula chake cha kila mwezi. Mtafute fundi mchonga vyuma, siyo mtu wa "tutalazimisha tu bosi".

Na usilewe nguvu. Ekseli za nyuma za 109 zilitengenezwa kwa injini ya pole. Ukikanyaga kishabiki kwenye mchanga, utasikia "ta!" na gari limesimama.

BREKI, JAMANI, BREKI!

Hapa ndipo watu wanapofia. Kama gari lako lilikuwa la petroli na lina busta ya breki, busta hiyo ilivuta hewa kutoka kwenye injini. Dizeli haina mvuto huo. Inataka pampu yake, mara nyingi iko nyuma ya altaneta. Fundi akiisahau, gari litakimbia vizuri sana, pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na ng'ombe wanavuka barabara. Kabla hujatoka gereji, jaribu breki. Ukimaliza, jaribu tena.

KADI NAYO?

Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, peleka taarifa TRA ili kadi ibadilishwe. Dai risiti ya injini, na itazame namba kwa macho yako. Ikiwa imekwanguliwa, kimbia, hata bei ikiwa ya bure. Utawekwa ndani kwa chuma usichokiiba.

Mwisho, injini iliyofanyiwa ovaholi haikimbizwi. Nenda nayo pole kilomita za mwanzo, mwaga oili mapema, kagua maji na boliti. Safari ya kwanza iwe Kwihara na kurudi, siyo Ujiji. Wapagazi walifika Ujiji kwa sababu walijua uzito wa mzigo na nguvu ya bega.

Haya, kamwamkie mzee. Tukutane wiki ijayo!