Kabla ya kumvisha mbwa wako mkanda wa umeme

Ikiwa una mbwa mchanga mwenye damu ya uwindaji, huenda unajua tayari ninayotaka kusema. Mjini Nairobi anakaa nyuma ya lango, anabweka kidogo, anakula na kulala. Desemba inapofika, familia nzima inajipakia garini kuelekea nyumbani Kakamega, mbwa akiwa kiti cha nyuma pamoja na watoto. Mlango unapofunguliwa huko Shinyalu au Malava, baada ya safari ya karibu kilomita 400, mbwa hana habari kwamba mmekuja kupumzika. Amekwisha kumwona kuku.

Na kuku si kitu cha kuchezewa sehemu hizo. Ingokho ndiye chakula cha mgeni wa heshima, na jogoo wa boma anajulikana na kila jirani kwa rangi na kwa sauti yake. Mbwa akimuua kuku wa watu, kesi yake haimalizwi kwa kulipa bei ya sokoni peke yake. Mara ya kwanza mtasameheana. Mara ya pili nyanya atatumwa kuja kuzungumza nawe. Mara ya tatu hakuna atakayezungumza. Utamkuta mbwa wako amekufa kando ya ua, povu mdomoni, na hutajua ni nani aliyetupa ile nyama.

Hapo ndipo mwenye mbwa hukumbuka kwamba kuna mkanda fulani wa shingoni, wenye umeme na rimoti, ambao watu husema unaweza kumrudisha mbwa kutoka mbali kwa kubonyeza kitufe tu. Anaanza kuulizia bei. Kabla hujafika huko, msomaji, hebu tuutazame mkanda wenyewe.

Una sehemu mbili. Ya kwanza ni kijisanduku kinachofungwa shingoni, chenye betri na vyuma viwili vifupi vinavyogusa ngozi. Ya pili ni rimoti unayoshika mkononi. Ukibonyeza, rimoti hutuma mawimbi ya redio, na kile kijisanduku hutoa mlio, au mtetemo kama wa simu, au mshtuko wa umeme unaopita baina ya vile vyuma viwili. Mikanda iliyo bora ina viwango vingi vya mshtuko, kuanzia ule ambao mbwa hutikisa sikio tu hadi ule unaomfanya apige kelele. Umeme huo si wa kuua. Lakini muuzaji asikudanganye kwamba mbwa hasikii uchungu wowote. Kama hasikii kitu, basi unanunua nini?

Vifaa hivi vilianza kuuzwa huko Marekani katika miaka ya 1960, na walioviona kuwa na maana kwanza walikuwa wawindaji. Mbwa wao walifundishwa kufuata harufu ya mnyama mmoja usiku, lakini wakikutana na paa njiani waliacha kazi na kumfukuza hadi wapotee. Mwindaji hakuwa na namna ya kumfikia mbwa aliye mbali hivyo. Mikanda ya wakati ule ilikuwa na nguvu moja tu, nayo kali sana. Ya siku hizi ni mipole zaidi, lakini kazi yake ni ile ile: kumwadhibu mbwa aliye mbali na mkono wako.

Sasa jiulize, mbwa wako anawinda nini hapa Kenya? Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilikaza kamba zaidi: hata yule anayewinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani aliwekewa faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita, na anayewinda ili auze nyama faini isiyopungua shilingi 200,000. Msitu wa Kakamega, ambao ni kipande cha pekee kilichosalia Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua unaotoka Kongo, una pongo, nguruwe-mwitu, mbega na kima. Upande wa Buyangu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985. Mbwa wako akikurupuka kutoka shambani na kuingia msituni akifukuza pongo, askari wa wanyamapori hatauliza kwanza kama ulikuwa unamfundisha adabu. Atamwona mtu na mbwa wa kuwinda.

Kuna na jambo jingine ambalo wenye mbwa wengi hawalifikirii. Mbwa hubeba magonjwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa ulilipuka kati ya simba wa Serengeti na Maasai Mara, na karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti wakafa. Wataalamu waliamini kwamba ulitoka kwa mbwa wa vijijini. Kwa hiyo mbwa kuzurura msituni si hasara ya pongo mmoja tu.

Kwa hivyo unachotaka kwa mbwa huyu si kuwinda. Unataka aache kuwinda: aone kuku, mbuzi au kima, kisha ageuke aje kwako. Je, mkanda wa umeme unaweza kumfundisha hivyo?

Jibu la haki ni kwamba unaweza, ila bei yake si ile iliyobandikwa dukani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwachunguza mbwa 63 waliokuwa na tabia kama hizi, hasa kutokuja wanapoitwa na kufukuza mifugo. Wengine walifundishwa kwa mkanda, wengine bila mkanda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 na mwaka 2020 hayakuonyesha kwamba mkanda ulileta utiifu zaidi ya kufundisha kwa tuzo, na mbwa waliovishwa walikuwa na dalili zaidi za wasiwasi. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 watafiti wawili wa Marekani walichapisha jaribio la mbwa 19 waliofundishwa wasifukuze kitu kinachovutwa kwa kasi. Wale wa mkanda waliacha upesi; wale wa chakula peke yake hawakuacha katika siku chache walizopewa. Wataalamu wengine walilipinga jaribio hilo wakisema siku hizo hazikutosha. Huko Wales hawakungoja mabishano yaishe. Walipiga marufuku mikanda hii mwaka 2010.

Mimi naona hatari kubwa haimo ndani ya betri. Imo katika kichwa cha mbwa. Mbwa hajui habari za rimoti. Umeme unapomchoma shingoni, yeye huulaumu ule aliokuwa akiutazama wakati huo. Ukibonyeza sawasawa anapomrukia kuku, atasema kuku ana moto, na pengine utakuwa umefaulu. Ukichelewa nukta mbili tu, kuku amepita, na aliye mbele ya macho yake sasa ni mtoto wa jirani aliyekuja kuangalia mbwa wa kutoka Nairobi. Mbwa huyo kesho akimwona mtoto yule atanguruma, na kesho kutwa atamuuma. Kisha mnaanza kukimbizana na hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu haupoi kamwe. Kuku mmoja amegeuka kuwa jambo la uhai wa mtoto.

Vilevile kuna watoto wako mwenyewe. Rimoti ina vitufe, na hakuna mtoto wa miaka minane ninayemfahamu anayeweza kuacha kitufe bila kukibonyeza.

Lakini kuna namna nyingine

Tazama mbwa wa kazi tulio nao hapa nchini. Shirika la African Wildlife Foundation lilianza mwaka 2014 mpango wa kuwafundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu pamoja na wasimamizi wao, na baadhi yao walipelekwa kufanya kazi na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hapa Kenya. Nao ni mbwa wenye damu ya uwindaji, wenye pua na hamu isiyotulia. Hufundishwa kwa mchezo: mbwa akipata harufu inayotakiwa, hupewa mpira wake wa kuchezea na kusifiwa kama mfalme. Hamu ya kuwinda haikuuawa. Ilipewa kazi nyingine.

Wewe huhitaji mpira wa kutoka ng'ambo. Unahitaji kamba ya mita 10, filimbi, na vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa. Anza mjini, miezi miwili kabla ya safari. Puliza filimbi mbwa akiwa hatua tatu kutoka kwako na umpe kipande cha ini. Fanya hivyo mara kumi kwa siku mpaka sauti ile iwe na maana ya ini na si kitu kingine. Halafu ongeza umbali, kamba ikiwa shingoni daima, ukiishika au ukiikanyaga. Ukipuliza asije, usimpigie kelele wala usimkimbize. Mvute taratibu, na akifika umsifu. Kosa linaloharibu mbwa wengi ni hili: mtu anamwita mbwa, mbwa anakawia, kisha akifika anachapwa. Mbwa amejifunza nini? Kwamba kuja kunachapwa.

Baadaye mpeleke akatazame kuku, akiwa amefungwa, kutoka mbali kiasi cha kwamba anawaona lakini bado anaweza kukusikia. Akikutazama wewe badala ya kuku, mpe ini. Siku inayofuata sogea hatua mbili. Ni kazi ya kuchosha. Haina ufahari hata kidogo, na wanafunzi walio likizoni huiweza kuliko wazazi wao kwa sababu wana subira na muda. Mpe kijana wako wa darasa la saba jukumu hili umwone.

Ukishakata shauri kununua

Wapo ambao baada ya haya yote bado watanunua, na wengine wana sababu nzuri: mbwa mkubwa ambaye amekwisha kuua mbuzi, au nyumba iliyo mpakani mwa msitu. Kwa hao nitasema machache.

Kwanza, asiwe mtoto. Wengi wa wanaotengeneza mikanda hii wenyewe husema asivishwe mbwa wa chini ya miezi sita, na mimi ningengoja hadi awe na mwaka na awe tayari anajua filimbi. Mkanda haumfundishi mbwa maana ya kuitwa. Unamkumbusha tu anachojua.

Usinunue kwa makosa ule wa kuzuia kubweka. Unafanana na huu lakini hauna rimoti. Hushtua wenyewe mbwa anapobweka, na mingine ya bei ya chini hushtuka hata mbwa wa jirani akibweka. Hebu fikiria usiku wa kijijini ambapo mbwa wote wa lukosi wanaitikiana.

Tafuta wenye mlio na mtetemo mbali na umeme, wenye viwango vingi vinavyopanda kidogo kidogo, na unaojizima wenyewe kitufe kikibanwa kwa muda mrefu. Mbwa wengi wakishazoeshwa huitikia mlio au mtetemo tu, na umeme hauguswi. Wenye ngazi tatu, yaani kidogo, wastani na kali, uache dukani. Rimoti iwe na kifungio cha kuzuia watoto.

Umbali ulioandikwa kwenye kasha usiutegemee. Mita 800 hupimwa uwanjani penye nyasi fupi. Katika miwa iliyokomaa, mabonde na miti iliyolowa maji, mawimbi yale hufifia, na mbwa aliye mita 200 huenda asipate kitu. Tena Kakamega hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi ikianguka alasiri pamoja na radi, kwa hivyo mkanda usiostahimili kuzamishwa majini haufai. (Umeme wa angani tunao wa kutosha kule, hatuhitaji kuuongezea wa shingoni unaovuja.) Hakikisha chaja ni ya kawaida, kwani stima hupotea.

Jaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe, kuanzia kiwango cha chini kabisa. Mtu asiyethubutu kufanya hivyo hana haki ya kumvisha mbwa. Ukishamvisha, vyuma viguse ngozi bila kubana, usiuache kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na uusogeze kila baada ya saa moja au mbili, maana vyuma hivyo huacha vidonda vibaya visivyoonekana chini ya manyoya. Na ujue kwamba sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama inamhusu anayemtesa au kumtia mnyama hofu kwa ukatili. Haikutaja rimoti, lakini haikuisamehe pia.

Safari yenyewe itakapofika, pita kwa daktari wa mifugo wiki chache mapema ili mbwa awe na chanjo ya kichaa, inayotolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Cheti kiwe garini. Mkifika, usimfungulie mlango mpaka kamba iwe mkononi. Asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, mzungushe bomani akiwa kwenye kamba huku mifuko yako imejaa maini, apite karibu na kibanda cha kuku kikiwa bado kimefungwa. Halafu mpeleke kwa jirani, mkiwa pamoja, amwone na amjue kwa jina.