Mafuta Si Mafuta Tu

Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani mwetu katika Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu, aliponijia mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akiwa na daftari lake. Mwalimu wao alikuwa amewapa insha ya Kiswahili kuhusu safari ya mafuta, kutoka kisimani hadi kwenye kituo cha kuuzia petroli. Kijana huyu si mvivu. Alikuwa ameandika kurasa tatu kwa mwandiko wa kupendeza. Hata hivyo, sikufika mbali kabla ya kukutana na sentensi iliyonisimamisha: "Kila wiki meli kubwa huleta mafuta machafu Kipevu ili yasafishwe."

Kando yangu alikuwapo jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa majahazi katika Bandari ya Kale, ambaye mikono yake imezeekea kwenye kalafati. Nilipoisoma sentensi ile kwa sauti, alicheka kwa upole, akamwambia: "Mwanangu, samaki alotoka baharini hayaparwa si mchafu. Ni mzima, ila hayatengezwa."

"Basi niandikeje, babu?" kijana akauliza.

"Hilo muulize mwalimu wako. Mimi najua ya vyombo."

Swali la kijana huyo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Neno alilolitaka limo katika lugha yetu, tena analitumia kila siku bila kulitambua. Ni *ghafi*. Kila mwanafunzi wa jiografia anajua *malighafi*, yaani mali ambayo bado haijapitia kiwandani. Basi mafuta yatokayo kisimani, kabla ya kupitia mtambo wowote, ni *mafuta ghafi*. Uchafu ni aibu au kasoro; ughafi ni hali ya kitu kabla ya kutengenezwa. Mzee wangu wa majahazi alilifahamu jambo hilo kwa mfano wa samaki, hata kama hakuwa na istilahi yake.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na mapenzi, na kwamba tasnia ya mafuta na gesi ni ya Kiingereza, hivyo tusijisumbue. Dai hili halina mashiko, hasa likitolewa na mtu aliyezaliwa kisiwani humu. Mzee yule haiti mafuta kila kitu kitelezacho. Mafuta ya ini la papa ya kupakia mbao za chombo huyaita *sifa*. Mafuta ya mnyama yanayochanganywa na chokaa na kupakwa chini ya chombo ni *shahamu*. Jikoni mwake kuna *samli*, na mama zetu walikamua *uto* wa nazi na wa simsim. Lugha iliyojua kutenga sifa na shahamu haiwezi kushindwa kutenga petroli na dizeli.

Isitoshe, maneno mawili makubwa ya biashara hii tuliyapata karne nyingi kabla ya kisima cha kwanza kuchimbwa Afrika Mashariki. Bei ya mafuta duniani hutajwa kwa *pipa*, lenye takribani lita 159. Mafuta husafirishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa *bomba*, ambalo lilianza kazi mwaka 1978. Maneno yote mawili ni ya Kireno. Yalituachia watu walewale walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mabaharia wa Mvita hawakungoja kamati iwaidhinishie. Waliona kitu, wakasikia jina lake, wakalivika sauti za Kiswahili.

Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, alitufunza njia ya pili. Katika utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alihifadhi majina ya sehemu za chombo cha baharini ili yasizame pamoja na mafundi wake. Ndiye pia aliyetupa *tarakilishi* na *runinga*. Yeye alitafuta kwanza katika ghala la lugha yenyewe kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Tukiwa na njia hizi mbili, ya mabaharia na ya Nabhany, hatuna haja ya kuogopa neno lolote.

Sasa tuvuke Makupa, twende Changamwe, kwani hapo ndipo insha ya kijana wetu ilipoteleza mara ya pili. Mtambo wa Changamwe ulianza kusafisha mafuta mwaka 1963, ukaacha kazi hiyo mwaka 2013. Tangu hapo, meli zinazoleta nchini petroli na dizeli huleta mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo. Kwa hiyo "mafuta machafu" ya kijana yalikuwa kosa la lugha na kosa la historia kwa pamoja. Neno lisilo sahihi lilimficha ukweli kwamba mtambo aliokuwa akiueleza ulikwisha kuzimwa.

Hata kitenzi *kusafisha* chahitaji maelezo darasani. Mtambo wa aina hiyo hauoshi uchafu tu. Kazi yake ya kwanza ni kuyapasha moto mafuta ghafi hadi yawe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo kwa viwango mbalimbali vya joto ili kila aina ijitenge. Kitenzi halisi cha kazi hiyo ni *kukeneka*, nacho kimo katika kamusi zetu. Juu kabisa ya mnara hupatikana gesi; hufuata petroli; kisha mafuta ya taa, ambayo ni ndugu wa mafuta ya ndege; kisha dizeli; halafu mafuta mazito ya kuendeshea mitambo na meli. Kinachosalia chini kabisa ndicho hutupatia lami. Mwanafunzi akiushika mpangilio huo, amelishika somo la kemia kwa Kiswahili fasaha.

Hapa pana kisiki ambacho walimu hatuna budi kukiondoa njiani. Katika kituo cha mafuta, *petroli* ni kile kinachotiwa katika gari dogo. Lakini Tanzania ina Shirika la Maendeleo ya Petroli, lililoundwa mwaka 1969, na ina Mamlaka ya Udhibiti Mkondo Juu wa Petroli, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015. Huko, *petroli* ni jina la utajiri wote wa mafuta na gesi ulio ardhini. Neno moja limebeba mizigo miwili. Sidai kwamba upande mmoja umekosea. Nasema mwalimu aeleze maana zote mbili, na mwandishi aonyeshe ni ipi anayoikusudia. Kuhusu huo *mkondo juu*, maana yake ni kazi za kutafuta na kuchimba. Mkondo wa kati ni kusafirisha na kuhifadhi, na mkondo wa chini ni kusafisha na kuuza. Maji hufuata mkondo, na mafuta vilevile.

Huenda msomaji akauliza, je, yote haya yana faida gani nje ya darasa? Jibu langu la kwanza ni roho za watu. Mwezi wa Januari mwaka 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, karibu na Molo; watu walikimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka katika bomba hadi kwenye mtaro wa mtaa wa Sinai, Nairobi. Wapatao 100 waliteketea. Umaskini ndio uliowapeleka pale na ndoo, wala sithubutu kuwalaumu. Lakini ni wangapi waliopata kuambiwa, kwa lugha waliyoifahamu, kwamba kinachowaka hasa ni *mvuke*, si majimaji yanayoonekana? Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto. Petroli hutoa mvuke huo hata usiku wa baridi, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali. Anayeyaita yote "mafuta" tu hana sababu ya kudhani kwamba ndoo ya petroli ni hatari kuliko kibuyu cha mafuta ya taa alichozoea kukibeba tangu utotoni.

Gesi nayo ni vivyo hivyo. *Gesi asilia*, ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na inayozalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004, ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda juu. *Gesi ya mitungi*, ambayo wengi wetu hupikia katika nyumba hizi za Kibokoni na Kuze zenye madirisha madogo, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni na kungoja cheche. Mwenye kujua tofauti hiyo ataisikia harufu, atafungua mlango wa chini, wala hatagusa swichi. Asiyejua atawasha taa ili atazame kuna nini.

Jibu langu la pili ni mali. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa Turkana, katika kisima kilichopewa jina la Ngamia. Mafuta yale yana nta nyingi, hivyo huganda yakipoa. Watu wa pwani hawahitaji maabara kulielewa hilo: mafuta ya nazi hutuganda chupani msimu wa kusi. Kwa hiyo yalisafirishwa kwa malori yenye matangi ya kuhifadhi joto hadi Changamwe, na mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa wapatao 200,000, ikaondoka bandari ya Mombasa. Ndiyo sababu pia bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangwa kuwa la kupashwa joto.

Mwaka huohuo wa 2019 Kenya ilipata Sheria ya Petroli, ambayo inazitaja kaunti kwa asilimia 20 na jamii ya mahali kwa asilimia 5. Lakini asilimia 5 ya nini? Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohitajika kuliko mhandisi. Katika mkataba wa kugawana uzalishaji, mafuta yanayotoka kisimani hugawanywa mafungu. Kuna *mafuta ya gharama*, ambayo mwekezaji hujirudishia alichotumia. Kuna *mafuta ya faida*, ambayo hugawanywa baina yake na serikali. Asilimia zile zinatoka katika fungu la serikali, wala si katika kila pipa linalopita mbele ya macho ya mfugaji. Mtu akiambiwa tu kwamba atapata "asilimia 5 ya mafuta," ataingia mkutanoni na tumaini moja na kutoka na jingine, kisha atadhani ameibiwa. Au ataibiwa kweli asijue. Tofauti baina ya *mapato*, *faida* na *mrabaha* si ya wanasheria pekee.

Nasi wa kisiwani tusijidanganye kwamba hayo ni ya Turkana. Matangi ya Shimanzi yamo kisiwani humu humu. Mwaka 2005 meli Ratna Shalini ilipomwaga mafuta ghafi Kipevu, mikoko ya upande wa Port Reitz iliathirika, na pamoja nayo riziki ya wavuvi. Mvuvi anayekwenda kudai haki yake sharti aweze kusema ni mafuta gani yaliyomwagika, kwani mafuta ghafi hung'ang'ania mizizi, ilhali petroli hupaa upesi. Akisema "mafuta" tu, hoja yake huanza ikiwa nusu.

Nafahamu hoja ya walimu wenzangu kwamba mtihani wa kemia huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na maisha hayatahini kwa lugha moja. Napendekeza kwamba mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wakae pamoja kwa kipindi kimoja tu kila muhula, waandike ubaoni maneno 20 ya tasnia hii, kila neno na maana yake. Watafute kwanza katika Kiswahili cha watu, kama *ghafi* na *mvuke*. Wakikosa, waazime kama walivyoazima mabaharia. Wasitafsiri neno kabla ya kuelewa kitu.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita chetu kikabaki barazani. Sina kinyongo. Lakini baraza nazo zina ghala lake, na huu ndio wakati wa kulifungua.

Siku mbili baadaye kijana alirudi na insha mpya. Sasa alikuwa ameandika: "Zamani meli zilileta mafuta ghafi, yakakenekwa Changamwe. Leo zinatuletea petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa." Nikampongeza. Lakini hakuondoka. Alisimama na daftari kwapani, akaniuliza: "Mwalimu, mbona tuliacha kuyasafisha wenyewe?"

Hakuwa ameuliza swali hilo alipokuwa akiyaita machafu. Nikamsogezea nafasi barazani, akaketi, tukaanza.