Vifaa vya mazoezi katika bustani za umma: njia ya kuvifikia huja kwanza

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 linazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kusimamia bustani, fuo na maeneo ya burudani ya kaunti. Kwa hiyo, mwananchi ambaye bustani ya mtaani kwake haina vifaa vya mazoezi, au ina vifaa asivyoweza kuvifikia, anapaswa kuwasilisha hoja yake kwa kaunti.

Manufaa ya kiafya

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya uthabiti wa mwili, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kupunguza hatari ya kuanguka. Kwa asiyemudu ada ya ukumbi wa mazoezi, bustani isiyotoza kiingilio ndiyo nafasi iliyo karibu.

Haki ya kufikia

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa. Ngazi tatu tu langoni zinatosha kumnyima haki hiyo. Kipimo kinachotumiwa sana katika ujenzi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Hivyo, ngazi zenye kimo cha sentimita 50 huhitaji mteremko wa mita sita. Kiti cha magurudumu huhitaji takriban mita moja na nusu ili kigeuke, na sakafu ngumu isiyo ya mchanga wala kokoto.

Vifaa navyo vichaguliwe kwa kuzingatia watumiaji wote: vya kuzungushwa kwa mikono na mtu aliyeketi, vishikio kwa wazee, na maelekezo yenye herufi kubwa pamoja na breli. Bajeti ya matengenezo itengwe tangu mwanzo, kwa sababu kifaa kilicholegea huhatarisha anayekitumia.

Nafasi ya mwananchi

Mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga jumba la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, na mpango huo ukaachwa. Leo sheria inaweka wazi mlango wa kutoa maoni. Kila kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla au ifikapo Septemba 1, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Ombi lililotolewa kabla ya bajeti kupitishwa, likitaja lango, njia na kifaa kinachohitajika, hurahisisha kutengwa kwa fedha kuliko lalamiko linalofuata baada ya ujenzi kukamilika.