Mwalimu Aliyeambiwa Mwisho: Shule za Washington na Masomo ya Mtandaoni (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulisimulia jinsi shule za Washington na vitongoji vyake zilivyofunga milango katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona. Leo tutazame jambo ambalo wazazi hawakuliona sana, nalo ni taarifa zilizokuwa zikitoka makao makuu ya elimu kwenda kwa walimu, ambao ghafla sebule zao zilikuwa zimegeuka madarasa.

Kwetu Afrika Mashariki waraka wa elimu hutoka wizarani. Kenya na Tanzania zilipofunga shule Machi 2020, tamko lilikuwa moja kwa nchi nzima, na mwalimu wa Lamu na wa Kisumu walilisikia kwa maneno yale yale. Marekani haina utaratibu huo. Kila wilaya ya elimu ina wakuu wake, bajeti yake na kalenda yake. Ukipanda treni ya Metro pale Silver Spring, Maryland, ukabadilisha katikati ya jiji na kushuka Vienna, Virginia, safari hiyo moja itakuwa imekupitisha katika mamlaka nne za elimu: Montgomery, Washington yenyewe, Arlington na Fairfax. Fairfax inaongozwa na bodi iliyochaguliwa na wananchi. Shule za serikali za Washington ziko chini ya meya tangu 2007, na kando yake kuna shule za mkataba zinazosomesha karibu nusu ya wanafunzi wa umma wa jiji, nazo zina uongozi wao.

Sasa mfikirie mwalimu anayefundisha Fairfax, huku mwanawe akisoma Montgomery. Wapo wengi wa namna hiyo, maana watu wa eneo hili huvuka mipaka ya majimbo kila asubuhi kwenda kazini. Katika msimu wa vuli wa 2020, Fairfax iliitenga Jumatatu iwe siku isiyo na vipindi vya video: mwalimu aandae masomo, mwanafunzi afanye kazi zake mwenyewe. Montgomery ilichagua Jumatano. Kwa hiyo Jumatatu mama huyu alikuwa na nafasi wakati mtoto yuko darasani kwenye skrini, na Jumatano mtoto alihitaji mtu wa kumsimamia saa zile zile mama alipokuwa mbele ya wanafunzi wake. Kila ratiba ilikuwa na sababu zake, lakini walioipanga hii hawakuwa na habari na ile.

Tarehe nazo hazikutulia. Maryland, jimbo ilimo Montgomery, ilianza kwa kufunga shule wiki mbili kuanzia Machi 16. Muda ukasogezwa hadi Aprili 24, kisha hadi Mei 15, na mnamo Mei 6 ikatangazwa kwamba wanafunzi hawatarudi madarasani mwaka huo wa masomo. Kila tangazo lilimkuta mwalimu amekwisha kupanga masomo yake kwa kutegemea lililotangulia. Sisemi kwamba wakubwa walifanya makusudi. Wao pia walikuwa wakingoja takwimu za wagonjwa na uamuzi wa magavana. Lakini mtu anayesubiriwa na watoto thelathini kesho asubuhi anastahili kuambiwa mapema kuliko wengine, na mara nyingi alipata habari sawa na mzazi, kwa barua pepe ile ile.

Fairfax inafaa kuchunguzwa kwa karibu. Ni wilaya kubwa kuliko zote za Virginia, wakati huo ikiwa na wanafunzi wapatao 189,000. Ilichukua mwezi mzima kujiandaa, ikapanga kuanza masomo ya mtandaoni Jumanne, Aprili 14, 2020. Asubuhi hiyo mfumo wa Blackboard, wa kampuni iliyoasisiwa hapo hapo Washington mwaka 1997, ulielemewa. Wanafunzi walijaribu kuingia wakashindwa. Walimu walikaa mbele ya skrini tupu, na katika baadhi ya madarasa yaliyofunguka waliingia watu wenye majina ya uongo, wakatukana na kuwabughudhi wenzao. Mlango walioupitia ulikuwa kiungo cha wageni, ambacho hakikumtaka mtu aingize neno la siri wala jina lake halisi.

Ndipo maelekezo yakaanza kumiminika: zima kiungo cha wageni, ingia kwa njia hii, subiri, vipindi vya leo vimeahirishwa. Siku chache baadaye wilaya iliamua kuachana na sehemu ya Blackboard iliyotumika kwa vipindi vya moja kwa moja na kutafuta njia nyingine. Mbele ya bodi ya shule, kampuni ilieleza kwamba wilaya ilikuwa haijaweka matoleo mapya ya programu, na wakuu wa wilaya wakawa na hoja zao. Mabishano hayo hayakumsaidia mwalimu hata kidogo. Yeye alikuwa amefundishwa kutumia chombo kimoja kwa mwezi mzima, na sasa aliambiwa ajifunze kingine mwishoni mwa juma.

Majira ya kiangazi yalikuja na mtihani mwingine. Walimu wa Fairfax walitakiwa wachague: kufundisha shuleni kwa sehemu ya juma, au kubaki mtandaoni. Vyama vyao viliwahimiza wachague mtandao, vikisema maelezo ya namna watakavyolindwa hayakutosha. Kabla ya Julai kwisha, wilaya yenyewe iliamua kwamba wote wangeanza mtandaoni Septemba 8. Watu walikuwa wamejaza fomu, wamebishana na wenzi wao, wengine wamewauliza madaktari wao, na uchaguzi wote ule ukawekwa kando.

Hata hivyo, kulikuwa na jema ambalo nisingependa lisahaulike. Kenya ilitegemea sana redio na televisheni, kwa vipindi vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, na mtoto aliyekuwa na redio alisikia somo lililoandaliwa vizuri, ila hakuwa na wa kumuuliza swali. Mtoto wa Fairfax aliyefanikiwa kuingia mtandaoni alimwona mwalimu wake mwenyewe, anayejua kwamba fulani husoma polepole na fulani huona haya kunyoosha mkono.

Tatizo ni wale ambao njia hiyo haikuwafaa. Novemba 2020 wilaya ilitoa uchambuzi wa matokeo ya robo ya kwanza ya mwaka. Wanafunzi wa madarasa ya juu waliofeli masomo mawili au zaidi walikuwa wamepanda kutoka asilimia 6 hadi 11. Kwa wale wanaojifunza Kiingereza, wengi wao watoto wa wahamiaji, ilikuwa kutoka asilimia 17 hadi 35. Kwa wenye ulemavu, kutoka 9 hadi 19.

Hapa kwa wenye ulemavu ndipo neno kutoka makao makuu lilipopimwa kwa mizani ya sheria. Nchini Marekani mtoto mwenye ulemavu anayehitaji elimu maalumu huandikiwa mpango wake peke yake. Tuseme umeandikwa kwamba atapata mtaalamu wa matamshi nusu saa, mara mbili kwa juma. Nusu saa hiyo ni haki yake, na ikikosekana, wahusika wanapaswa kukaa na kuamua kama anastahili fidia ya masomo. Serikali kuu ilianza kuichunguza Fairfax Januari 2021, na tarehe 30 Novemba 2022 Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ikatangaza matokeo. Iliona kwamba wilaya ilipunguza huduma za maelfu ya watoto hao na haikuweka kumbukumbu za kutosha za walichopewa. Iliona pia kwamba wafanyakazi walielezwa isivyo sahihi: waliambiwa wilaya haiwajibiki kufidia huduma zilizokosekana, kwa kuwa janga halikuwa kosa lake.

Nadhani hili ndilo zito kuliko yote yaliyotokea. Mfumo ukikwama kila mtu anaona, na kesho yake unatengenezwa. Elekezo lenye kosa halionekani. Mwalimu analiamini kwa sababu limetoka juu, anamjibu mzazi kwa nia njema, mzazi anarudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe hadai kitu. Kosa lililoandikwa ofisini linasemwa kwa kinywa cha mwalimu, mtu ambaye mzazi anamwamini kuliko ofisi yoyote.

Fairfax ilikubali kurekebisha. Iliahidi kumteua msimamizi wa kazi hiyo, kuwatafuta wazazi na kuwaeleza haki yao, na kuitisha vikao vya kupitia hali ya kila mtoto husika. Wakati huo wilaya ilikuwa na wanafunzi wenye ulemavu wapatao 25,000, na katika vikao hivyo ilibidi mwalimu awepo, na kumbukumbu zake za 2020 zikiwa mezani.

Juma lijalo: kwa nini wilaya moja hutafsiri taarifa zake kwa Kiamhari, na mzazi asomaye Kiswahili afanye nini ili aelezwe kwa lugha yake.