Reli na sheria zinavyowafungia wenyeji nje ya vijiji vya England

KWA anayetoka London kwa treni kuelekea kaskazini magharibi, muda usiotimia saa moja unatosha kumfikisha Great Missenden, kijiji kilicho katika vilima vya Chiltern, Kaunti ya Buckinghamshire. Nyumba za kale, kanisa na mashamba yamehifadhiwa vyema. Walio mashakani ni wana wa wenyeji, ambao wakifikia umri wa kujitegemea hulazimika kuhama kwa kushindwa kumudu bei ya nyumba.

Hali hiyo haikuzuka ghafla. Mnamo 1892, kampuni ya Metropolitan Railway ilifikisha reli Amersham na kuipitisha Great Missenden hadi Aylesbury. Kuanzia 1915, kampuni hiyo ilivitangaza vitongoji vya kandokando ya reli kwa jina la Metro-land, ikiwashawishi wakazi wa London kuishi mashambani huku wakifanya kazi jijini. Pole pole, bei ya nyumba za vijijini ikaanza kufuata mishahara ya London badala ya mapato ya shambani.

Jiji lilipozidi kutanuka, serikali iliingiwa na hofu kwamba mashamba yangemezwa. Sheria ya 1938 ilikusudia kuhifadhi ardhi inayolizunguka jiji hilo, nayo ya 1947 ikaweka kanuni kwamba kumiliki ardhi hakumpi mtu haki ya kujenga bila kibali. Mnamo 1955, Waziri Duncan Sandys alizihimiza mamlaka za maeneo mengine nazo zitenge Ukanda wa Kijani. Leo ukanda huo ni zaidi ya asilimia 12 ya ardhi ya England.

Lengo la kuzuia miji isimeze mashamba lilitimia kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, idadi ya nyumba inapodhibitiwa huku wanunuzi wakiongezeka, bei haina budi kupanda. Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Huku miti ipo na wajenzi wapo. Kinachokosekana ni kibali.

Mnamo 1997, nyumba ya wastani England iligharimu takriban mara tatu unusu ya mshahara wa mwaka wa mfanyakazi. Kufikia 2021, ilikuwa imefika takriban mara tisa, na katika maeneo mengi yanayopakana na London pengo lilikuwa kubwa zaidi.

Isitoshe, sheria ya 1980 iliwaruhusu wapangaji wa nyumba za mabaraza ya wilaya kuzinunua kwa bei nafuu. Familia nyingi zilinufaika, lakini nyumba zilizojengwa kuchukua nafasi ya hizo zilikuwa chache mno. Kisha janga la Covid-19 lilipozuka 2020, wafanyakazi wa ofisini waliozoea kufanyia kazi nyumbani wakatafuta makao yenye bustani na chumba cha ziada.

Matokeo yake ni safari za kupishana. Asubuhi mwenye nyumba hupanda treni kwenda London, huku mwalimu, mhudumu wa wazee na kibarua wa shambani wakija kijijini kwa gari kutoka miji ya mbali. Familia changa zinapopungua, shule hukosa wanafunzi. Duka na baa nazo huyumba kwa kuwa wakazi wengi hununua mahitaji yao kwingineko.

Si haki kuwalaumu wageni kwa yote hayo. Katika vijiji kadhaa, wakazi wapya na wa zamani wamechanga fedha wakanunua duka au baa iliyokaribia kufungwa. Ugumu mkubwa umo katika kura: madiwani wanaoamua kuhusu vibali huchaguliwa na wanaoishi hapo tayari, ambao nyumba ndiyo mali yao kuu. Aliyeshindwa kupata makao kijijini hana kura humo.

Ipo kanuni inayoruhusu ujenzi pembezoni mwa kijiji, mahali ambapo kwa kawaida kibali hakitolewi, mradi nyumba nyingi ziwe za bei nafuu na zitengewe wenye uhusiano na eneo hilo kwa makazi, kazi au jamaa. Udhaifu wake ni kwamba humtegemea mwenye shamba akubali kuuza kwa bei ya chini.

Mnamo Desemba 2024, serikali ya chama cha Labour, iliyoahidi nyumba milioni 1.5, ililegeza masharti kwa kuanzisha kile kinachoitwa ukanda wa kijivu, yaani sehemu za Ukanda wa Kijani zisizochangia sana katika kuzuia miji kutanuka. Wapinzani wanahofia msongamano barabarani na katika zahanati.

Lakini hata ujenzi ukiruhusiwa, nyumba zikiuzwa kwa bei ya soko mnunuzi atakuwa yule yule wa treni ya asubuhi. Kwa mwalimu na kibarua, la muhimu ni idadi ya nyumba zitakazotengewa watu wa kipato chao.